Jiwe la Rumanyika

Rumanyika Orugundu, Omukama wa Karagwe, alimpokea mgeni wake wa Kiingereza kwa Kiswahili. Ilikuwa Novemba 1861, katika mji wa kifalme wa Bweranyange, na mgeni mwenyewe, John Hanning Speke, aliyekuwa njiani kutafuta chimbuko la mto Nile pamoja na mwenzake James Augustus Grant, hakuficha mshangao wake. Katika kitabu cha safari kilichochapishwa mwaka 1863 anasema kwamba maamkizi ya mfalme yalikuwa ya Kiswahili kizuri, na kwamba yalimgusa moyo. Wasomaji wa Ulaya hawakukaa sana na habari hiyo. Walichokumbuka ni wanawake wanene wa ukoo wa kifalme, walionyweshwa maziwa hata wasiweze kusimama, ambao mmoja wao Speke alimpima kwa utepe kama apimwavyo mnyama wa sokoni. Kiswahili cha mfalme kikasahauliwa.

Jina la mji wenyewe lilipata msukosuko kama huo. Kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, kwera ni kuwa mweupe, na enyange ni yule ndege mweupe afuataye ng'ombe malishoni. Mtu wa pwani amwitaye ndege huyo yangeyange hahitaji mkalimani: Bweranyange ni mahali palipopambazuka kwa weupe wa yangeyange. Speke aliandika Weranhanje, na ndege akapotea njiani.

Kiswahili cha Rumanyika hakikutoka hewani. Miongo miwili kabla ya Speke, misafara ya biashara iliyotoka pwani kupitia Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, ilikuwa imekwisha kupanda hadi nyanda za Karagwe ikifuata pembe za ndovu. Kafuro, kituo cha wafanyabiashara hao, kilikuwa karibu na makao ya mfalme, na hapo nguo, shanga na masango ya shaba vilibadilishwa kwa pembe kabla ya wasafiri kuendelea Buganda. Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu wa kwanza ajulikanaye kufika Buganda, alifika huko mwaka 1844 katika enzi ya Kabaka Suna. Miaka thelathini na zaidi baadaye, Henry Morton Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876, alimkuta mzee huyo akiwa mkazi wa Kafuro mwenye nyumba na watu wake. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye asili ya Surat aliyekuwa na makazi Kaze, alihesabiwa miongoni mwa waliomsaidia Rumanyika kumshinda nduguye Rogero katika ugomvi wa kiti. Kwa hiyo pwani haikuwa habari ya mbali kwa mfalme huyu. Ilikuwa jirani, mdai, mshauri, na wakati mwingine mshirika wa vita.

Ni katika hali hiyo ndipo yalipofanyika mazungumzo ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Speke alikuwa amesikia kwamba kila mwaka mfalme huchinja ng'ombe kaburini kwa baba yake, Ndagara. Akamwuliza sababu. Rumanyika akacheka. Akajibu kwamba hajui sababu, lakini anatumaini kupata mavuno mema akifanya hivyo. Akaongeza, bila ya kuulizwa, kwamba kwa tumaini lilo hilo huweka pombe na nafaka mbele ya jiwe kubwa lililoko ubavuni mwa mlima, ingawa jiwe halili wala halinywi. Kisha akasema kwamba watu wa pwani nao wana imani kama yake.

Maneno hayo yanastahili kusomwa polepole, kwa sababu ni nadra katika vitabu vya wasafiri wa karne ile kumkuta mtawala wa Kiafrika akiulizwa juu ya ibada yake na akajibu mwenyewe, kwa sauti yake, pasipo mganga wala mzee wa mila kuingilia kati. Speke aliyapokea kama ushahidi wa ujinga. Alikuwa na Biblia yake akilini, na katika Biblia hiyo nabii huwacheka waabudu mawe kwa hoja ile ile, kwamba kinywa kimo na hakisemi. Hakutambua kuwa mwenye jiwe amekwisha kuitoa hoja hiyo mwenyewe. Rumanyika alijua vyema kwamba jiwe halinywi pombe. Alijua na bado akaimimina. Baina ya kujua na kumimina ndipo ilipo dini ya mahali pale, na mtu asiyeona nafasi hiyo hawezi kuielewa ibada yoyote ya mlimani, ya zamani wala ya sasa.

Na kauli juu ya watu wa pwani? Msomaji wa visiwani huenda akaikataa upesi. Mfanyabiashara wa Kafuro alikuwa Mwislamu, akiswali swala tano na kufunga Ramadhani, na wanazuoni wake wangeona ni kashfa kulinganishwa na mwenye kulipelekea jiwe pombe. Lakini Rumanyika hakuwa akijadili itikadi. Alikuwa akitazama mikono. Aliwaona wageni wake wakivaa hirizi, wakipiga bao kabla ya kufunga safari, wakinywa kombe la zafarani walipougua. Lau angefika Unguja au Pemba angeona mapango yanayofukizwa ubani, mibuyu iliyofungwa vitambaa vyeupe na vyekundu, na makaburi ya mawalii yanayozuriwa na wenye shida. Angeona pia wanazuoni wakiyakemea hayo kwenye mimbari, na waliokemewa wakirudi kulekule Ijumaa ya pili. Mfalme alitamka kwa upole jambo ambalo pwani imelibishania kwa karne nyingi, na hakulitamka kwa kulaumu.

Milima ya Karagwe haikuwa mandhari tu. Nchi imekaa juu ya migongo mirefu inayokwenda kutoka kusini hadi kaskazini, na baina ya migongo hiyo mna mabonde ya mafunjo na maziwa madogo. Magharibi mto Kagera unaitenga na Rwanda, na kaskazini na Uganda. Kutoka juu ya mojawapo ya migongo hiyo ndipo Speke alipoziona kwa mbali pia za Mfumbiro, milima ya volkano ambayo hakuna Mzungu aliyekuwa ameiandika kabla yake. Katika nchi ya namna hiyo, aliye juu huonekana na watu wa mabonde mawili, na aliyezikwa juu hazikwi kwa ajili ya ukoo wake peke yake.

Habari za maziko ya Ndagara zinaonyesha hilo. Speke aliambiwa kwamba maiti ya mfalme ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikatiwa katika mtumbwi ulioachwa kuelea ziwani kwa siku 3 hadi ikaingia funza. Funza 3 wakachukuliwa wakapelekwa nyumbani kwa mrithi, na huko mmoja akageuka simba, wa pili chui, na wa tatu fimbo. Baadaye maiti ilipandishwa juu ya kilima alichokiandika Moga-Namirinzi. Haikufukiwa. Ilijengewa kibanda, na ndani yake wakatiwa wasichana 5 na ng'ombe 50, kisha mlango ukafungwa mpaka wote wakafa kwa njaa. Kuhusu Ruhinda, babu yake Rumanyika, walisema kwamba kutoka moyoni mwa maiti yake alitoka mwanasimba aliyekilinda kilima cha kaburi, na simba wote wa Karagwe wakazaliwa naye, hata Ndagara akawa akiwaamrisha kama jeshi.

Watafiti wa ngano wameishughulikia sana habari ya funza, na kwa haki, maana inapatikana kwa sura mbalimbali katika falme za Maziwa Makuu: mfalme hafi, anageuka mnyama mwenye kutisha na kulinda. Wasichana 5 hawakupata mtafiti. Majina yao hayamo mahali popote, na hata kama idadi ilitiwa chumvi na msimulizi, mtu anayesifu utukufu wa vilele vya kale hana budi kuukumbuka mlango ule uliofungwa. Utakatifu wa mlima ulikuwa na gharama, na waliolipa hawakuwa wafalme.

Kuna mtihani mwingine ambao ni wa ajabu zaidi. Alipokufa Ndagara, wana 3 waligombea kiti: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Wakuu wa nchi wakawawekea ngoma ndogo iliyotiwa dawa, nzito kiasi kwamba asiye mrithi hakuweza kuitikisa. Ndugu wawili walishindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake cha mwisho. Hata hivyo haikutosha. Ilimbidi akae chini mahali maalumu, na ikiwa yeye ndiye mfalme wa haki, ardhi ingeinuka naye, polepole, hadi kuzipita mbingu, kisha imshushe salama. Ikiwa sie, ardhi ingekatika na kumtupa. Rumanyika alimwambia Speke kwamba alikaa, na kwamba ardhi iliinuka.

Speke akamwuliza kama huko juu aliona baridi. Ndiyo, akajibu mfalme, na akacheka.

Huu ni mcheko mwingine katika kitabu, na unafanana na ule wa jiwe. Speke aliuandika akidhani kwamba yeye ndiye aliyefanya mzaha. Yamkini walikuwa wawili waliofanya mzaha. Mtu aliyelelewa juu ya mlima anajua kwamba juu kuna baridi. Halihitaji kupaa kuliko mbingu ili kulijua. Katika habari hii mfalme hapandi mlima: mlima unazaliwa chini yake. Ndiyo maana huko Karagwe haikuwa lazima kusimamisha sanamu ya mtu kileleni. Mtu mwenyewe, siku ya kutawazwa, alikuwa sanamu, na ardhi ilikuwa kiegemeo chake.

Sanamu hata hivyo zilikuwako, nazo ni miongoni mwa kazi bora za chuma zilizopata kufuliwa Afrika Mashariki. Stanley mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, ambaye wakati huo alikuwa mzee, na humo akakuta mikuki ya kifalme pamoja na sanamu za ndege na wanyama alizozitaja kuwa za shaba. Waliofuata baadaye waliandika zaidi juu ya vitu vya chuma: ng'ombe wenye pembe ndefu zilizopinda, mikuki yenye matawi, na nyundo kubwa ambazo pia ni fuawe. Mapokeo ya wenyeji, ambayo mwanahistoria Israel Katoke aliyakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ufalme huo, yanamtaja Ndagara kuwa mfalme mhunzi. Hamo Sassoon, ambaye jina lake linajulikana sana Mombasa kwa kuwa aliwahi kuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus, aliandika makala mwaka 1983 juu ya alama hizo za ufalme, akauliza kwa nini wafalme, ng'ombe na wahunzi wanafungamana katika eneo zima la Maziwa.

Swali hilo lina jibu lake katika kazi yenyewe ya kuyeyusha chuma. Andrew Reid na Rachel MacLean, walioandika mwaka 1995 juu ya uhunzi wa Karagwe, walionyesha kwamba tanuru lilichukuliwa kama tumbo la uzazi, mhunzi akiwa chini ya miiko ileile ya mume ambaye mkewe ana mimba, na chuma kikiwa mtoto. Mfalme aliyemiliki uhunzi alimiliki uzazi wa nchi: jembe la mkulima, mkuki wa mchungaji, na kwa maana iliyofichika zaidi, mavuno na ndama. Fikra hiyo haikuwa ya Karagwe peke yake. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa nchini Rwanda mwaka 1969, kichwa chake kilikutwa kimelazwa juu ya nyundo mbili za chuma. Na huko Katuruka, upande wa Buhaya, Peter Schmidt na wenyeji walionyesha kwamba mti mtakatifu wa Kaiija ulisimama mahali ambapo watu walifua chuma yapata miaka 2500 iliyopita. Masimulizi ya wazee yalimpeleka mchimbaji hadi kwenye tanuru, ingawa baina ya tanuru na masimulizi ulipita muda mrefu ajabu. Mti ulikuwa umekumbuka.

Ng'ombe wa chuma kwa hiyo hakuwa pambo. Mwaka 1890 na 1891 sotoka ilipoingia Afrika Mashariki, ikafagia mifugo ya Maziwa Makuu kiasi kwamba wachungaji waliokuwa matajiri asubuhi walikuwa maskini jioni, ng'ombe waliobaki Bweranyange bila kukonda ni wale wa hazina. Rumanyika alikuwa amekwisha kufariki zaidi ya miaka 10 kabla. Warithi wake walipokezana kiti kwa damu, Wajerumani wakajenga boma Bukoba mwaka 1890, na ufalme uliokuwa ukiwapokea wasafiri kwa Kiswahili ukaanza kupokea amri.

Nyakati za Rumanyika vitu hivyo vilikuwa na siku yao. Speke alihudhuria ibada ya mwezi mwandamo, ambapo ngoma nyingi zilipangwa safu uani, mfalme akiwa amevaa mapambo ya shanga kichwani, na wakuu wakaja mmoja mmoja kuapa utii. Pwani mwezi huandamwa kwa macho na kwa takbiri, na ugomvi juu ya nani ameuona haujaisha hadi leo. Huko Karagwe ulipokewa kwa ngoma, na kila mwezi ufalme ulianza upya. Rumanyika aliwahi kumwuliza Speke kama jua lichomozalo ni lile lile la jana au ni jipya, na kama mwezi hubadili sura ili kuwacheka wanadamu. Mshairi yeyote angelipa gharama kubwa kusikia swali hilo likiulizwa kwa Kiswahili kile cha mfalme. Limehifadhiwa kwa Kiingereza cha mgeni.

Hapa lugha yenyewe inadai kuangaliwa. Neno sanamu limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kinyago kinachoabudiwa, kile ambacho Nabii Ibrahimu alikivunja. Kiswahili kimelilainisha: mtoto huchora sanamu, mji husimamisha sanamu ya kiongozi, na hakuna anayeshtuka. Lakini lainisho hilo si kamili. Neno likitamkwa pamoja na mlima na sala, ule ukali wa asili unarudi sikioni mwa msomaji wa pwani. Neno hija nalo limesafiri kinyume chake. Kwa Mwislamu lina mahali pamoja tu, na wakati mmoja. Wakatoliki wa bara walipotafuta neno la safari ya ibada waliliazima lilivyo, pamoja na mahujaji wake, na leo katika mkoa wa Kagera mtu anaweza kusema kwamba ametoka hija bila ya kuwa amevuka bahari. Yapo masikio ya visiwani yanayoona ni unyang'anyi. Ingefaa zaidi kuona kwamba bara lilipotaka kutaja jambo zito kuliko yote, lilikuja kubisha hodi pwani.

Mapadri Weupe walifika eneo la Bukoba mwaka 1892, wakitoka Buganda baada ya vita vya Mengo, na misheni yao ya kwanza waliijenga Kashozi. Kwa Kihaya, kashozi ni kilima kidogo. Kwa Kijerumani wakaiita Marienberg, mlima wa Maria. Kilima kidogo kikawa mlima kwa tafsiri, na kikawa cha Maria kwa ubatizo. Ndivyo ilivyokuwa mahali pengi katika Maziwa Makuu: misheni ilipanda juu, kwa sababu za hewa na ulinzi na kuonekana, na kila ilipopanda ilikuta kwamba juu hapakuwa patupu. Pango la mawe lenye sanamu ya Bikira wa Lurdi aliyevaa nguo nyeupe na mshipi wa samawati likajengwa, na watu wakaja na mishumaa mahali ambapo babu zao walikuja na vibuyu. Wamisionari wengi waliamini kwamba wameshinda. Wazee wengi waliamini kwamba mlima umebadili nguo. Hakuna haja ya kuchagua baina yao, kwa kuwa waliopiga magoti aghalabu hawakuchagua.

Kashozi ndiko alikozikwa kwanza Kardinali Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya aliyezaliwa mwaka 1912, akateuliwa na Papa Yohane wa 23 mwaka 1960 kuwa kardinali Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi. Alifariki Desemba 1997, na mwaka 2012 masalia yake yakahamishiwa kanisa kuu la Bukoba. Mfalme wa Karagwe alipandishwa kilimani moja kwa moja asishuke tena. Kardinali alikaa kwenye kilima kidogo miaka 15, kisha akashushwa mjini kando ya ziwa. Huko Mugana, Missenyi, kituo cha hija cha Nyakijoga kinavuta waumini kutoka kila pembe ya mkoa. Upande wa Karagwe na Kyerwa, jimbo Katoliki la Kayanga liliundwa mwaka 2008, na wilaya ya Kyerwa yenyewe ikakatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Walutheri, wenye dayosisi yao ya Karagwe tangu mwaka 1979, hawana desturi ya kusimamisha sanamu, bali wana kwaya, na katika migongo ile sauti husafiri mbali kuliko jiwe lionekanavyo.

Wapo pia wanaovuka Kagera kwenda Kibeho. Kuanzia Novemba 1981 hadi Novemba 1989 wasichana wa shule ya Kibeho, kusini mwa Rwanda, walisema kwamba wanatokewa na Bikira Maria. Kanisa lilikubali ushuhuda wa watatu kati yao, Alphonsine, Nathalie na Marie Claire, mwezi Juni 2001. Alipoulizwa jina lake, yule aliyewatokea alijibu kwa Kinyarwanda kwamba yeye ni Nyina wa Jambo. Mswahili anaelewa kabla ya kutafsiriwa. Jambo ni neno, ni habari, ni tukio, na hata maamkizi. Mafundisho ya Kikristo husema Mama wa Neno, na ni sahihi, lakini jambo ni pana kuliko neno. Mwaka 1982 wasichana hao walilia mbele ya umati wakieleza maono ya damu na maiti. Miaka 12 baadaye maelfu waliuawa katika kanisa la Kibeho, na Marie Claire akafa mwaka huo huo wa 1994.

Na hapo mambo yanarudi Bweranyange kwa njia ambayo hakuna hujaji angeitamani. Ni baada ya kukaa na Rumanyika ndipo Speke alipoandika nadharia yake kwamba watawala wa falme za Maziwa si Waafrika kama raia zao, bali ni wageni wa asili ya Uhabeshi waliokuja na ng'ombe na ustaarabu. Alimwona mfalme mrefu, mkarimu, mcheshi, aliyemwamkia kwa Kiswahili kizuri, na hakuweza kukubali kwamba mtu huyo ni wa hapo hapo. Alimweleza hata Rumanyika mwenyewe nasaba hiyo. Nadharia ikachukuliwa na wamisionari na watawala wa Kijerumani na Kibelgiji, ikaingia mashuleni na katika vitambulisho vya Rwanda, na mwaka 1994 wauaji walizungumza juu ya kuwarudisha watu Uhabeshi kwa njia ya mto. Kagera ulileta maiti hadi ziwa Nyanza. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wakavuka kuingia Ngara na Karagwe, wakakata miti ya migongo ile kwa kuni, wakakaa hadi waliporejeshwa Desemba 1996. Rumanyika alicheka alipoulizwa juu ya jiwe na juu ya baridi ya mbinguni. Juu ya nasaba ya Uhabeshi Speke haandiki kwamba alicheka, na ni huzuni, maana hiyo ndiyo ngano iliyohitaji kuchekwa kuliko zote.

Katika makumbusho ya Linden huko Stuttgart, Ujerumani, mmo vitu vya chuma vilivyotoka Karagwe katika zama za ukoloni, miongoni mwavyo ng'ombe wa kifalme. Mjadala wa kurudisha mali za kale za Afrika umewashwa Ujerumani katika miaka ya karibuni, na shaba za Benin zimeanza safari ya kurudi Nigeria tangu mwaka 2022. Karagwe haitajwi mara nyingi katika mjadala huo. Ng'ombe hao ni wadogo, hawana sura za watu, na ufalme wao ulifutwa pamoja na machifu wengine wa Tanganyika mwaka 1963, hivyo hakuna Omukama wa kuandika barua. Ila jina limebaki. Mwaka 2019 serikali ilipandisha hadhi mapori ya akiba ya eneo hilo kuwa hifadhi za taifa, na ramani sasa ina Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zenye mipaka na walinzi. Milima iliyokuwa ya simba wa Ndagara imepewa wanyama kwa sheria. Jiwe la ubavuni mwa mlima Speke hakuliandikia jina wala mahali. Aliandika tu kwamba halikuweza kula, na kwamba waliliwekea chakula.